Mi nilishuhudia, sikuthibitisha

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo. Mzee akaitandaza juu ya kaunta yangu, akainyoosha kwa kiganja taratibu, halafu akaweka kidole chini ya jina lake. Mwanangu, hapa umeniandika nini? Nikamwambia baba, hapo nimekuandika shahidi. Akasema hapana, soma lote. Nikasoma lote kwa sauti, "Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha mauziano haya." Akanyamaza kidogo, fotokopi inapiga kelele nyuma yangu, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikikaa kuchapa fomu ya mtu nayasikia: "Mi nilishuhudia, sikuthibitisha."

Nina steshenari ndogo hapa Tanga, Ngamiani, nachapa barua, natoa kopi, napiga laminesheni, najaza fomu za mtandaoni, na kwa kuwa watu wanaamini Kiingereza changu wananiletea na karatasi za kutafsiri. Ile ya mzee ilikuwa mkataba wa kuuziana kiwanja kule Kange. Mnunuzi ni kijana anayefanya kazi Dar, mkataba alitengenezewa huko huko kwa Kiingereza, na muuzaji pamoja na mashahidi wake hawasomi Kiingereza, ikabidi nitoe Kiswahili chake ili kila mtu ajue anachosaini. Kwenye Kiingereza, sehemu ya mzee ilisema tu kuwa muuzaji amesaini mbele yake, "signed in the presence of", basi, hakuna zaidi. Mi nikayaona yale maneno mepesi, nikataka Kiswahili kikae kiofisi, kiwe na uzito, nikaandika nathibitisha.

Miezi haikupita mingi ndugu wa muuzaji wakajitokeza. Kiwanja kumbe cha marehemu baba yao, mirathi hata haijafunguliwa, mmoja kauza peke yake. Ikaitishwa kikao, mkataba ukatolewa, na mtu wa kwanza kukaliwa kooni hakuwa muuzaji, alikuwa yule mzee, maana muuzaji alishasafiri. Wewe si ndo ulithibitisha? Ulithibitishaje mali ya yatima? Mzee anawaambia mi niliitwa asubuhi nyumbani kwa mwenzangu, nikakaa barazani, nikamuona anaandika jina lake kwenye karatasi, nami nikaandika langu, kiwanja chenyewe sijawahi hata kukikanyaga. Wanamwambia lakini hapa imeandikwa umethibitisha. Miezi minne anaitwa huku na kule. Mwisho yaliisha kwa suluhu, kijana akarudishiwa pesa zake kidogo kidogo, ndugu wakaelewana wanavyojua wao, lakini mzee wa miaka sabini na kitu aliitwa mwongo mbele za watu, na aliitwa hivyo kwa sababu ya neno nililolichagua mimi nikiwa nimekaa hapa hapa kwenye kiti hiki.

Hilo linaniuma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia haya maneno ya Kiingereza moja moja, yale yote ya kusema kitu ni kweli, na nikigundua kitu namwambia kila anayekuja na fomu. Sasa naandika ili na wengine wasome, hasa nyie mnaofanya kazi kama yangu.

Shida inaanzia hapa. Ukiuliza confirm ni nini kwa Kiswahili utaambiwa thibitisha. Verify? Thibitisha. Certify? Thibitisha. Attest, validate, affirm, zote thibitisha tu, na wapo watakaokwambia hata vouch ni thibitisha. Neno moja tumelibebesha mizigo ya watu saba. Lakini kwa wenye Kiingereza chao hayo si maneno mamoja hata kidogo, kila moja linamwambia msomaji huyu mtu amefanya kitu gani hasa mpaka akathubutu kusema ni kweli: ameona kwa macho, au amekwenda kukagua, au amelinganisha karatasi mbili, au anajiweka yeye mwenyewe rehani kwa ajili ya mwenzie. Na ukisaini bila kujua ni lipi kati ya hayo, unaweza ukawa umesema uongo wakati moyoni hukukusudia uongo.

Confirm nayo haina ugomvi na thibitisha, hawa kweli ni ndugu, na hiki ni kitu ambacho nilipokijua nilifurahi sana. Confirm imetoka Kilatini, ndani yake kuna firmus, yaani kitu kigumu kisichotikisika. Na thibitisha yetu imetoka Kiarabu, thabata, kusimama imara, ndo humo humo tunapata thabiti. Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote zote zimefikiria ukweli kama nguzo iliyoshindiliwa vizuri chini. Kwa hiyo ukikonfemu kitu maana yake kilishasemwa kabla, kilikuwepo, sasa unakipiga nyundo kikae. Mmekubaliana harusi Ijumaa, unapiga simu Jumatano kukonfemu. Meseji ya pesa ikiingia imeandikwa imethibitishwa, maana yake mtambo unasema ile amri uliyotoa imepita. Affirm nayo ina firmus hiyo hiyo ndani, nitaifikia.

Verify ni mambo mengine kabisa. Hii ni verus, kweli, ukaongezewa kufanya. Anayeverify hakuambii tu ni kweli, amenyanyuka akaenda kuangalia. Na Kiswahili chake tunacho kizuri sana, kuhakiki, na nchi nzima tulilijifunza neno hilo kwa machungu. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, vyeti vikawa vinalinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na Aprili 2017 ripoti ikakabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Sasa fikiria, hao watu vyeti vyao vilikuwa mafaili na mafaili maofisini, watu walivipokea, wakavikubali, na kila aliyevipokea alidhani mwenzie ameshahakiki. Hakuna aliyekuwa amenyanyuka kwenda kuangalia mpaka siku hiyo.

Na hata dukani ni hivyo hivyo. Mwenye duka akiona meseji kwenye simu ya mteja anatoa mzigo, kumbe meseji mtu kaitengeneza mwenyewe. Ile ilikuwa confirm ya uongo. Verify ni kuangalia salio lako wewe kwenye simu yako wewe. Jirani yangu hapa aliibiwa mafuta ya kula ndoo mbili kwa tofauti ya hayo maneno mawili.

Sasa certify, hii ndo inayoniletea wateja wengi kuliko zote. Kila zikitangazwa nafasi za kazi napata foleni ya vijana wanataka kopi, halafu waende kwa wakili kusetifai. Kijana anakuja na kopi ya kopi, cheti chenyewe kakiacha kwa mama Muheza, anataka akapigiwe muhuri. Namwambia mdogo wangu, hebu soma muhuri unasema nini. Unasema hii ni nakala ya kweli ya cheti halisi, "true copy of the original". Yaani wakili anasema nimeshika karatasi mbili, hii na hii, nimezitazama, zinafanana. Kwa hiyo asipoona ile halisi anasetifai nini? Na kuna la pili ambalo watu wengi halijawaingia: wakili akisha kusetifai hajasema cheti chako ni cha kweli. Hajasema ulifaulu. Hajasema hata ulisoma. Amesema kopi imefanana na alichoonyeshwa. Cheti cha kughushi kikipelekwa kwa wakili anayefanya kazi yake vizuri kabisa, kinaweza kutoka na muhuri halali kabisa, na wakili hajakosea kitu. Ndo maana certify na verify haziwezi kuwa neno moja, na ndo maana mi siku hizi kwenye Kiswahili cha muhuri ule naandika "nimelinganisha na halisi, zinafanana". Ni ndefu, haina mbwembwe, lakini inasema kilichofanyika.

Halafu corroborate, hiyo nipite haraka maana mtaani hatukutani nayo sana, ni ya mahakamani, ushahidi mmoja kuupa nguvu mwingine. Ndani yake kuna robur ya Kilatini, mti mgumu wa mwaloni. Sisi tungesema mvule au mninga. Nimeipenda tu.

Nirudi kwenye kushuhudia, maana hapo ndo nilipomkosea mzee. Kiingereza wana witness na wana attest. Witness asili yake ni kujua, ile wit ya zamani, akili, ujuzi. Shahidi wetu yeye ametoka kwenye Kiarabu, shahida, na hiyo ni kuwepo, kuhudhuria, kuona. Kwa hiyo ukimfuata shahidi wa Kiswahili kwa jina lake, kazi yake ni moja: alikuwepo. Kwenye ndoa tunajua hivyo vizuri sana, mashahidi wawili wanakaa pale mkekani wanasikia walii anaozesha na bwana harusi anakubali, na hakuna mtu siku ya ndoa kuvunjika atakayewafuata wale mashahidi awaambie nyie si mlithibitisha kuwa huyu ni mume mwema? Watu watamshangaa. Kila mtu anajua wale walisikia tu ijabu na kabuli. Lakini shahidi yule yule akihamia kwenye karatasi ya kiwanja tunamuandikia nathibitisha, tunamvisha joho ambalo si lake.

Attest ni kushuhudia pia, ila inatumika zaidi kwa mtu mwenye mamlaka ya kuliandika jambo kuwa limefanyika mbele yake. Na hapa nataka nikae kidogo, maana kuna karatasi moja ambayo ndani yake haya maneno yote yamekaa kila moja kwenye chumba chake, na karatasi hiyo naichapa karibu kila wiki. Hati ya kiapo, afidaviti.

Chukua ile ya majina, ambayo kwetu Pwani ndo inaongoza. Binti cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, cha shule Mwanakhamis, kitambulisho kimetoka Mwana Hamisi, mbali mbali. Anahitaji kuapa kuwa wote hao ni yeye. Juu kabisa anajitambulisha, mtu mzima, dini yake, mkazi wa Tanga, na hapo kwenye Kiingereza neno linabadilika kufuatana na dini: Mkristo anaandikwa anaapa, swear au take oath, Muislamu mara nyingi anaandikwa affirm. Vijana wananiuliza kwa nini, wanadhani ni kuonewa. Hiyo affirm ina safari yake. Kule Uingereza waliipigania Wakristo wa Quaker ambao walikataa kuapa kwa sababu Yesu aliwaambia msiape kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo, wakawa wanafungwa kwa kukataa, mpaka miaka ya 1690 sheria ikawaruhusu waseme tu kwa dhati bila kula kiapo. Kwa hiyo affirm haikuzaliwa kama kiapo cha daraja la pili, ilizaliwa kwa watu waliokuwa tayari kulala jela ili wasiape. Na uzito wake mbele ya sheria ni ule ule, ukidanganya umedanganya.

Chini ya maelezo yake kuna sehemu inaitwa verification. Watu wanaisaini bila kusoma, na hiyo ndo roho ya karatasi. Hapo unasema katika haya niliyoyaeleza, aya ya kwanza na ya pili nayajua mimi mwenyewe, na aya ya tatu nimeambiwa na fulani, naamini ni kweli. Unatenganisha ulichokiona na ulichokisikia. Viapo vimeshawahi kukataliwa mahakamani kwa sababu sehemu hii haikukaa sawa, mtu kasema yote nayajua mwenyewe wakati ndani kasimulia mambo ya kabla hajazaliwa. Mi mwenyewe sasa hivi namuuliza mteja, bi mkubwa, hii ya tarehe ya kuzaliwa, unaijua au uliambiwa? Ananiangalia, mwanangu nani anajua siku aliyozaliwa, nimeambiwa na mama. Basi tunaandika ameambiwa na mama yake.

Halafu mwisho kabisa kuna kijisehemu cha kamishna wa viapo, mistari michache tu. Anaandika imefanyika Tanga, tarehe fulani, mbele yangu. Hiyo ndo attest. Yeye hasemi Mwanahamisi na Mwanakhamis ni mtu mmoja, hajui, na hatakiwi kujua. Anasema huyu mtu alikuja mbele yangu akaapa. Ila kuna neno moja lazima aliseme, kwamba huyu mtu namfahamu mwenyewe, au ametambulishwa kwangu na fulani ambaye namfahamu. Ukurasa mmoja au miwili, watu watatu au wanne, na kila mmoja anajibu kwa sehemu yake tu. Anayeapa anajibu kwa maneno yake, anayetambulisha anajibu kwa sura na jina, kamishna anajibu kwa mahali na siku. Nikiitazama ile karatasi naona ilitengenezwa na watu waliokuwa wanawaonea huruma wenzao, hawakutaka mtu abebe cha mwenzie.

Na tangu 2021 sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na ya mahakama, haya mambo yanapita zaidi mikononi mwetu sisi wachapaji na watafsiri wa mitaani. Zamani ukikosea Kiswahili unaambiwa Kiingereza ndo kinachohesabika. Sasa hivi Kiswahili chako mwenyewe ndo kitamfunga au kumfungua mtu.

Bado vouch. Hili neno nimelipenda kuliko yote. Nilikuwa nadhani ni neno la kwenye sivii tu, kumsifia mtu, kumbe limetoka mahakamani, na limetoka hasa kwenye kesi za ardhi, kama ile iliyomkuta mzee wangu. Asili yake ni kuita, ile vocare ya Kilatini ikapitia Kifaransa. Zamani Uingereza, mtu akikushitaki kuwa ardhi uliyokalia ni yake, ulikuwa na haki ya kusema mi nimepewa na fulani, aitwe. Unamuita yule aliyekupa, anakuja kusimama mahali pako, kesi inakuwa ya kwake. Na akishindwa, ardhi ikachukuliwa, yeye ndo anatakiwa akufidie ardhi nyingine ya thamani ile ile. Hiyo ndo ilikuwa vouch. Kuita mtu aje asimame na aje alipe. Baadaye ikageuka ikawa mtu mwenyewe kujitoa kusimama kwa ajili ya mwenzie, na voucher ikawa ile karatasi inayosimama kuonyesha kuwa pesa hii kweli imelipwa. Sasa hiyo voucher si ndo vocha? Ndo vocha ya malipo ya maofisini, na ndo vocha ya simu tuliyokuwa tunaikwangua kwa sarafu. Ile kadi ilikuwa inakusimamia, inasema huyu ameshalipa, mpeni dakika zake.

Na Kiswahili cha vouch tunacho tena kizito, kudhamini. Matangazo ya kazi za serikali yanadai majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, ndo wale wanaoitwa referees kwa Kiingereza. Nilikuwa naona tafsiri hiyo kali mno. Kuna mama mmoja wa Makorora, mwalimu mstaafu, kijana wa dada yake kamuandika mdhamini, yeye kuona neno mdhamini akashtuka kweli, maana mume wake alishamdhamini mtu mkopo wa vikoba wakaja kubebewa kochi na friji. Akaja kwangu ananiuliza mwanangu, hii wakimfukuza kazi mi nitalipa? Nikamuelewesha hapana mama, hapa hudhamini pesa, unadhamini jina lako, wakipiga simu kuuliza huyu mtu yukoje useme unavyomjua. Akafikiri, akaniambia basi hiyo ni ghali zaidi ya friji. Nikaona tafsiri ile ilikuwa sahihi, sikuwa na haja ya kuilegeza.

Nimeandika sahihi hapo juu nikakumbuka, hilo neno letu nalo angalia lilivyo. Sahihi ni kitu kilicho kweli, kisicho na kasoro, kama hadithi sahihi, ambayo wanazuoni waliihesabu sahihi baada ya kuwapekua wasimulizi wake mmoja baada ya mwingine, nani kasikia kwa nani, na je walikutana kweli? Na sahihi hiyo hiyo ndo jina lako unaloandika chini ya karatasi. Wahenga wetu wa Pwani waliona vyote viwili ni kitu kimoja.

Baada ya ile siku ya kaunta nilikwenda kwa mzee kuomba radhi, nikaenda na jirani yake mtu mzima anisindikize, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akanikaribisha, ikaletwa kahawa, akaniuliza kama naijua aya ya deni. Kila aliyepita chuoni anaijua, ipo Suratul Baqara, aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inafundisha watu wakikopeshana waandikiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, waitwe mashahidi. Akaniambia karibu na mwisho wake kuna maneno watu wanayapita, kwamba asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Akasema, mwandishi ndo wewe, shahidi ndo mimi, tumetajwa pamoja. Hakusema zaidi, akanisogezea kashata.

Nilirudi nikafungua kompyuta usiku ule ule, nikazipekua fomu zangu zote nilizozihifadhi za mikataba, za kuuziana pikipiki, viwanja, za kupangishana nyumba, kila penye nathibitisha nikajiuliza huyu mtu kafanya nini hasa. Penye shahidi nikaweka "nimeshuhudia fulani akitia sahihi mbele yangu". Penye mwenyekiti wa mtaa nikaweka wazi anachokisema, kwamba anawafahamu wahusika kuwa ni wakazi wake, kama anawafahamu kweli. Ilinichukua mpaka karibu na alfajiri.

Mwaka huu mzee alikuja tena, mara hii kaja na kijana wa mtaani kwake. Kijana anaomba kazi kwa wakandarasi wa kule Chongoleani, kwenye mwisho wa lile bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda, na fomu ni ya Kiingereza tupu. Sehemu ya mdhamini imeandikwa kuwa namfahamu mwombaji binafsi kwa muda usiopungua miaka mitano na ninamdhamini kwa tabia yake, na neno lililotumika ni vouch. Nikawatafsiria polepole. Mzee akamgeukia kijana, nyie mmehamia lini pale? Kijana akasema miaka mitatu, babu, lakini wote wanaandika mitano, ukiandika mitatu watanitoa. Mzee akasema mi ninayo mitatu. Mitano watafute mwenye nayo.

Kijana akainama. Nikaona na mzee hakupenda kumuona vile, akaniambia mwanangu, andika mitatu, halafu hapo pembeni kama pana nafasi andika ninalolijua. Nafasi ilikuwepo, mistari miwili mitatu ya maelezo. Akanitajia kwa Kiswahili nami naweka Kiingereza: kwamba mke wake alipozidiwa usiku, mvua inanyesha, huyu ndo aliyetoka kutafuta bodaboda na akakaa naye hospitali mpaka asubuhi, na hakutaka kupokea hata nauli. Akasema hilo nimeliona mwenyewe, na kwa hilo namdhamini.

Nikachapa, nikatoa, nikamuwekea karatasi mezani. Akatoa kalamu yake mwenyewe mfuko wa kanzu, akaishika bila kuifungua, akaniambia nisomee. Nikaanzia pale kwenye jina lake.

"Soma lote," akasema, na nikarudi juu nikasoma lote.